Skwoshi inaingia Olimpiki: Kabla ya kununua pamba kali, nunua miwani

Mara ya kwanza nilipoingia uwanja wa skwoshi nilidumu dakika nne hivi. Sikushindwa, nilitolewa. Rafiki yangu wa kazini alikuwa amenialika kwenye klabu moja hapa Nairobi. Mhudumu wa pale aliangalia raba zangu za kukimbilia zenye soli nyeusi, akaangalia michirizi niliyokuwa nimeacha kwenye sakafu ya mbao, kisha akatikisa kichwa. "Kijana, hizo raba hapana." Basi nikaketi nje nikitazama wenzangu wakitoa jasho.

Niliondoka pale nimekasirika. Niliona ni maringo tu ya watu wa klabu. Baada ya kuujua mchezo kidogo niligundua kwamba hasira yangu ilikuwa na haki nusu. Kuna masharti ya mavazi katika skwoshi yanayolinda mwili wako na sakafu ya watu. Kuna mengine ambayo kazi yake ni kulinda tabaka. Shida ni kwamba mtu anayeanza huyaona yote kama kitu kimoja, anahesabu pesa mfukoni, na kuamua kurudi kwenye futiboli.

Huu ndio wakati wa kuyatenganisha, kwa sababu skwoshi iko karibu kuonekana kwenye simu za vijana wengi kuliko wakati wowote ule.

Kwa nini sasa?

Mnamo Oktoba 2023, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikutana Mumbai, India, ikaidhinisha skwoshi kuwa miongoni mwa michezo mitano ya ziada katika Olimpiki za Los Angeles 2028. Mchezo huu ulikuwa umebisha hodi mara kadhaa ukifungiwa mlango. Sasa wanawake 16 na wanaume 16 watapigania medali kwa mara ya kwanza, na mechi zitachezewa kwenye eneo la studio za filamu za Universal.

Kwa upande mwingine, skwoshi imepoteza jukwaa. Imekuwa kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola tangu Kuala Lumpur 1998, lakini Glasgow ilipokubali kuandaa makala ya 2026 kwa bajeti ndogo, ilibakisha michezo 10 pekee. Skwoshi haimo. Hilo linauma, maana kwa nchi kama Kenya, Jumuiya ya Madola ni lango jepesi kidogo kuliko Olimpiki yenye nafasi 16 pekee.

Na usidhani huu ni mchezo wa Wazungu tu. Wanaoutawala dunia ni Waafrika. Mei 2025 jijini Chicago, Mostafa Asal wa Misri alitwaa ubingwa wa dunia wa wanaume, naye Nour El Sherbini, binti wa Alexandria, akachukua wa wanawake kwa mara ya nane. Kwa hiyo kijana wa Nairobi au Mombasa atakayefungua video za skwoshi atakutana na watu wa bara lake wakiwa mabingwa. Swali lake la pili litakuwa: naanzia wapi, na navaa nini?

Wa kwanza kumjibu atakuwa muuza bidhaa, na jibu lake tunalijua: nunua seti nzima. Raketi ya bingwa, jezi ya bingwa, viatu vya bingwa, begi la kubebea vyote. Jibu hilo si sahihi. Vitu vya skwoshi vina foleni yake, na kinachopaswa kuwa mbele hakionekani hata kwenye picha za mabingwa.

Macho kwanza

Uwanja wa skwoshi una urefu wa mita 9.75 na upana wa mita 6.4. Ndani ya chumba hicho mko wawili, kila mmoja ana raketi, na hakuna wavu wa kuwatenganisha. Mara nyingi mpinzani wako yuko nyuma yako na humwoni. Mchezaji Cameron Pilley wa Australia aliwahi kupimwa akiupiga mpira kwa kasi ya zaidi ya kilomita 280 kwa saa. Mimi na wewe hatufiki huko hata robo tatu, lakini jicho halihitaji kasi hiyo ili liumie.

Mpira wenyewe ni mdogo: kipenyo cha milimita 40 na uzito wa gramu 24 hivi. Udogo huo ndio hatari yake. Mpira wa tenisi ni mkubwa, ukija usoni hukingwa kiasi na mifupa inayozunguka jicho. Mpira wa skwoshi unatosha kuingia ndani ya shimo la jicho, ukaligonga jicho lenyewe. Halafu kuna raketi. Anayeanza hupiga kwa mkono mrefu, kama anayefyeka nyasi, na mwenzake anayeanza hajui asimame wapi. Mabingwa wanajua kupishana, sisi tunagongana.

Shirikisho la dunia la mchezo huu linalazimisha miwani ya kinga kwa chipukizi na kwa mechi za wawili kwa wawili katika mashindano yake. Watu wazima wanaocheza mmoja kwa mmoja hawalazimishwi, ndiyo maana kwenye video huwaoni wengi wakiivaa. Hapo ndipo vijana tunapopotoshwa. Tunaiga mavazi ya mtu aliyecheza tangu utotoni, ilhali sisi tuna wiki mbili.

Ukienda kuinunua, angalia mambo matatu. Kwanza, lenzi iwe ya polikaboneti, ile plastiki ngumu isiyopasuka ovyo. Pili, tafuta alama ya viwango kwenye fremu au kwenye boksi: ASTM F803 au F3164 za Marekani, au BS 7930 ya Uingereza. Tatu, iwe na lenzi. Kuna miwani ya zamani yenye fremu tu, katikati pako wazi. Hiyo usiiguse, kwa sababu mpira hubonyea ukipigwa na unaweza kupenya pale.

Miwani yako ya kusomea si kinga. Inaweza kuvunjika na kukuongezea vipande usoni. Miwani ya fundi wa kuchomelea vyuma pia si kinga ya mchezo huu, haikutengenezewa mpira. Kama unavaa miwani ya daktari, kuna ya kinga inayotengenezwa kwa namba zako, na kuna kubwa inayovaliwa juu ya ile ya kawaida.

Najua utasema inafunga ukungu ukitoa jasho. Ni kweli. Futa, panga kitambaa mfukoni, zoea. Unaweza kuahirisha kila kitu kingine kwenye foleni hii. Jicho huwezi kuliahirisha.

Miguu inafuata

Sasa turudi kwa yule mhudumu aliyenitoa. Alikuwa sahihi kwa sababu mbili, ingawa alinitajia moja tu.

Sababu ya kwanza ni sakafu. Soli nyeusi za raba nyingi huacha alama kwenye mbao, na kuziondoa ni kazi na gharama. Jaribio lake ni rahisi na unaweza kulifanya hapo hapo Gikomba au Toi kabla ya kulipa: chukua karatasi nyeupe, isugue soli kwa nguvu. Ikiacha mstari mweusi, achana nacho. Usihukumu kwa rangi peke yake, maana kuna soli nyeusi zisizochora na kuna nyeupe zinazochora.

Sababu ya pili ni kifundo cha mguu. Raba za kukimbilia zimetengenezewa mtu anayeenda mbele. Kisigino chake ni kirefu na laini. Katika skwoshi unaenda pembeni, unasimama ghafla, unageuka, unaruka kona nyingine. Kisigino kirefu kikilala upande mmoja, kifundo kinafuata. Unachotaka ni kiatu cha chini, chenye soli bapa ya mpira unaonata, na kinachobana vizuri pembeni.

Habari njema ni kwamba si lazima kiandikwe skwoshi. Viatu vya badmintoni, voliboli au mpira wa mikono wa ndani vinafaa, na kwenye mitumba utavipata kwa sababu wauzaji wengi huviweka pamoja na raba nyingine bila kujua kazi yake. Kunja kiatu: kinapaswa kukunjika karibu na vidole, si katikati. Bonyeza soli kwa ukucha. Kama imekauka na kuwa ngumu kama ganda la nazi, itateleza hata kama nje inang'aa.

Ukishavipata, usivivae barabarani. Beba kwenye mfuko, uvivae ukifika. Changarawe moja ya stendi ya matatu ikikwama kwenye soli inachora sakafu kuliko raba zangu zote za siku ile. Soksi ziwe nene kiasi, na ubebe jozi ya pili, la sivyo malengelenge yatakufunza.

Nguo: hapa ndipo pesa huliwa bure

Fulana na kaptura za skwoshi ni fulana na kaptura. Basi. Nguo yoyote nyepesi inayokuruhusu kupiga hatua ndefu na kuinua mkono inatosha. Jezi ya zamani ya timu ya mtaa inafanya kazi. Tofauti ya maana ni kitambaa. Pamba hunyonya jasho ikalishika, ikawa nzito na kukugandia mgongoni. Poliesta nyepesi hukauka haraka. Kwenye mitumba zote zimerundikwa pamoja, ni mkono wako tu kuchagua.

Mahali unapochezea pana maana pia. Mombasa, kwenye unyevunyevu, dakika kumi zinatosha kukulowesha. Beba fulana mbili, taulo ndogo na bendi ya mkono, si kwa urembo bali jasho lisiteremke hadi kwenye kishikio na raketi ikakuponyoka. Nairobi asubuhi ya Julai ni kinyume chake: misuli ni baridi, mpira ni baridi, unahitaji sweta ya kupashia mwili kabla hujaanza kuruka.

Kwa wasichana, sidiria ya michezo inayoshika vizuri inastahili pesa kabla ya sketi yoyote ya kupendeza. Sketi, kaptura au taiti ni uamuzi wako. Kama unavaa hijabu, chagua ile ya michezo isiyohitaji pini, nyepesi na inayobana ili ncha isipeperuke machoni. Msichana akiambiwa hawezi kucheza kwa sababu ya mkono mrefu au taiti, basi hilo ni sharti la mtu. Mchezo wenyewe hauna shida na mkono mrefu.

Rasta na nywele ndefu zifungwe, kwa sababu mkigeuka mko karibu na zinampiga mwenzako usoni. Pete, mkufu, hereni ndefu na bangili viache kwenye begi. Kofia yenye kikapi haina kazi ndani ya nyumba. Inakuzuia kuona mpira wa juu tu.

Raketi na mpira

Kwenye raketi ndipo anayeanza huibiwa zaidi. Raketi nyepesi sana ya gramu 110 na kitu inapendwa na mabingwa kwa sababu mkono wao tayari una nguvu na ufundi. Anayeanza anasaidiwa zaidi na yenye uzito kidogo, gramu 140 au zaidi ya hapo, yenye kichwa kikubwa. Tena raketi ya mtu anayejifunza hugongwa ukutani. Acha ugonge ya mitumba au ya kuazima.

Badala yake, badilisha kitambaa cha kishikio kinapoanza kuteleza. Ni kitu kidogo, na mpinzani wako atakushukuru raketi yako isipomrukia.

Mpira nao una siri. Ule wenye doti mbili za njano ndio wa mabingwa, na unadunda kidogo sana hadi upate joto kwa kupigwa mfululizo. Wawili wanaoanza hawawezi kuupasha moto, hivyo unalala sakafuni kama nyanya iliyooza, na wanafikiri wao ndio hawana kipaji. Anza na wenye doti ya buluu au nyekundu, inayodunda zaidi. Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na hewa nyepesi huufanya mpira uchangamke kidogo, lakini usitegemee hilo likuokoe na doti mbili.

Hizo nyeupe zilitoka wapi?

Sasa tuje kwenye nusu ya hasira yangu iliyokuwa ya haki.

Skwoshi ilianzia shule ya Harrow, Uingereza, karibu na 1830, shule ya watoto wa wakubwa. Ikasafiri na dola la Uingereza, pamoja na jeshi, maofisa na vilabu vyao. Hapa kwetu vilabu kama Nairobi Club, iliyoanza 1901, vilikuwa vya walowezi na watumishi wa serikali ya kikoloni. Mavazi meupe yalikuja katika begi hilo hilo. Nguo nyeupe ilisema jambo moja: mwenye kuivaa ana mtu wa kumfulia.

Siku hizi mabingwa wanavaa rangi zote zilizoko chini ya jua, na wadhamini wao wanapenda hivyo. Rangi ya fulana haimwumizi yeyote. Ila baadhi ya vilabu bado vina ubao wa masharti ambapo "soli isiyochora" na "kola ni lazima" vimeandikwa mstari mmoja, kama vina uzito sawa. La kwanza ni usalama na utunzaji. La pili ni kumbukumbu ya watu ambao hawakutaka babu yako aingie.

Na ajabu ni hii: sharti la kola husimamiwa kwa ukali mlangoni, lakini ndani ya uwanja unaweza kuwakuta watu wawili wanaoanza, bila miwani, wakifyeka hewa karibu na macho ya mwenzao, na hakuna anayesema kitu. Tumelinda shati, tumesahau jicho.

Nani alipie?

Kuna watakaosema Misri imefaulu bila kelele hizi. Ni kweli Misri imefaulu, lakini tusijidanganye kuwa ni mchezo wa mtaani kule. Mabingwa wao wengi wamelelewa kwenye vilabu vya kulipia vya Cairo na Alexandria, na familia zao zina uwezo. Tofauti ni kwamba vilabu hivyo vimejaa watoto wanaoanza wakiwa wadogo, wanaocheza karibu na mabingwa na kuwaona kila wiki. Kwetu viwanja vingi viko ndani ya vilabu vya wanachama na hoteli, na mchana wa siku ya kazi vingine huwa vitupu kabisa.

Kwa hiyo hesabu si ngumu. Klabu ikiweka kapu moja mlangoni lenye miwani sita ya kinga, raketi sita za kuazima na mipira ya doti ya buluu, imeondoa zaidi ya nusu ya gharama ya kijana anayeanza. Vitu hivyo hutumiwa saa moja na mtu mmoja, vikafutwa, vikatumiwa na mwingine. Kinachobaki kwa kijana ni fulana na viatu, na hivyo soko la mitumba linamtosha.

Na hapo siasa inaingia hata usipotaka. Mnamo 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba kufikia 2019 ili kuinua viwanda vya nguo. Marekani ilipotishia manufaa ya kuuza bidhaa kule bila ushuru, Kenya ilijitoa 2017. Rwanda ilishikilia ushuru wake, na mwaka 2018 Marekani ikasimamisha manufaa yake ya nguo. Hoja ya viwanda vya nyumbani ni ya kweli na sitaidharau. Lakini kila mjadala huo ukirudi, kumbuka kwamba kwa kijana wa Kayole au Likoni, Gikomba na Kongowea ndiyo maduka ya michezo. Hakuna kiwanda hapa kinachomshonea kiatu cha ndani cha badmintoni. Anayepandisha bei ya mitumba bila kuweka kitu mahali pake anaamua pia nani atacheza mchezo gani.

Wakuu wa mchezo huu nchini nao wana kazi isiyohitaji bajeti kubwa: kuwaomba wanachama wao waandike upya ule ubao wa masharti. Juu kabisa waandike miwani ya kinga kwa kila anayeanza, mkubwa kwa mdogo. Pili, soli isiyochora. Tatu, vito vivuliwe na nywele zifungwe. Kola ifutwe.

Wewe nawe, ukialikwa wikendi hii, usikatae kwa sababu huna pamba. Nenda na kaptura yako ya mazoezi, fulana ya kawaida, viatu ulivyovisugua kwenye karatasi, na uulize swali moja kabla mpira haujapigwa: "Miwani iko wapi?" Wakikuambia hakuna, cheza peke yako ukutani siku hiyo, ujifunze mkono. Na ukiwa uwanjani na mwenzako akawa mbele ya raketi yako, usipige. Simama, sema "leti", mrudie pointi. Kanuni za mchezo zinakuruhusu, na hakuna atakayekucheka.

Mimi nilirudi kwenye ile klabu baada ya wiki tatu na viatu vya badmintoni nilivyotoa Toi. Mhudumu aliinama, akakagua soli, akaniruhusu. Alikagua pia kola ya fulana yangu. Macho yangu, ambayo siku hiyo hayakuwa na kinga yoyote, hakuyaangalia hata kidogo.